Sura ya Tano: Usingizi wa Mzazi

Waandishi wa habari za uzazi aghalabu huanza na dalili za mimba na kukoma kwenye kilio cha kwanza cha mtoto, kana kwamba kichanga kikishaviringwa khanga na mama akishapewa pongezi hakuna tena jambo linalostahili wino, isipokuwa jina atakaloitwa mtoto na kuku atakayechinjwa. Sura hii inaanzia pale wanapokoma. Inahusu siku arobaini za kwanza na miezi michache inayozifuata, ambapo mwanamke hutakiwa kufanya kazi mbili zinazogombea mwili mmoja, yaani kupona na kulea, naye ana usingizi wa vipande vipande. Na hoja yangu, ambayo naitanguliza ili msomaji asipoteze muda kuitafuta, ni kwamba mapenzi baina ya mama na mtoto wake mchanga, tuliyozoea kuyasifu kwamba huchipuka yenyewe katika moyo wa kila aliyejifungua, yanategemea mno nguvu za mwili wake, na nguvu hizo hupatikana kwa hisani ya watu wengine, ambao hawatajwi katika sifa hizo wala aghalabu hawajui kwamba wanachokifanya kina uhusiano wowote na mapenzi.

Mahali nitakapopafanya kituo cha maelezo yangu ni Tlawi, kata iliyo katika nyanda za juu za Mbulu, mkoani Manyara, penye ziwa dogo lenye jina hilohilo, si mbali na mji wa Mbulu. Ni nchi ya Wairaqw, ambao watu wengi huwaita Wambulu kwa kufuata jina la mahali. Nchi ya vilima na mabonde, yenye baridi kali mwezi wa sita na wa saba, ambako mlango hufungwa mapema jioni na moshi wa kuni hauna pa kutokea. Mwanamke wa huko huamka kabla ya jua. Maji ni yake, kuni ni zake, ng'ombe wa maziwa ni wake kwa kumkamua, makande yanayochemka nusu ya siku ni yake, na jembe la palizi ya mahindi na maharage ni lake pamoja na mumewe; na penye bustani ya vitunguu saumu, zao ambalo Mbulu inasifika kwalo, pana kazi nyingine inayotaka mgongo mzima. Kuzaa hakumwondolei hata moja katika kazi hizo. Kunaziahirisha tu, na kuahirishwa kwenyewe kunategemea kama yupo wa kuzipokea, hata ikawa mtoto aliyezaliwa baada ya mavuno, wakati mikono ya nyumbani ina nafasi, hupata mama wa namna moja, na nduguye aliyezaliwa katikati ya palizi, kwa mama yuleyule na katika nyumba ileile, akapata mama wa namna nyingine.

Uchovu wa mzazi una sababu zinazohesabika. Kila ajifunguaye hupoteza damu, na anayepoteza nusu lita au zaidi matabibu humhesabu kuwa ametokwa na damu kupita kiasi. Tena aliyeingia katika uchungu hali damu yake ni pungufu, kwa malaria au kwa minyoo au kwa chakula kisicho na madini ya chuma, hutoka humo na upungufu mkubwa zaidi, nao peke yake watosha kumfanya ahisi kwamba ndoo ya maji aliyoizoea tangu usichana imeongezewa uzito. Kondo la nyuma likishatoka, homoni zilizoitunza mimba kwa miezi tisa huporomoka katika siku chache, na hii ndiyo sababu mojawapo ya machozi yasiyo na msiba ambayo wazazi wengi huyaona kati ya siku ya tatu na ya tano, na ambayo hukauka yenyewe kabla ya wiki mbili kwisha. Kichanga nacho hunyonya mara 8 hadi 12 kati ya mchana na usiku, na maziwa hayo humtaka mama nishati ya ziada ya takriban kilokalori 500 kila siku, yaani chakula cha mlo mmoja zaidi, ilhali katika nyumba nyingi mpakuaji ndiye huyohuyo mzazi, na mpakuaji, kwa ada yetu, hujipakulia mwisho.

Katika hali hiyo ndipo jamii inapomtazama usoni na kumtaka afurahi. Wapo wanaofurahi papo hapo, na heri yao. Lakini wako wengi, wanawake wazuri wasio na ila yoyote ya moyo, ambao humtazama mtoto siku ya kwanza na ya pili kama mgeni aliyekuja bila kubisha hodi, wakamtunza kwa wajibu huku wakingoja mapenzi waliyoahidiwa, na kila siku inayopita bila mapenzi hayo kufika hujilaumu kwa siri, kwa kuwa hawana wa kumwambia. Maana ni nani Tlawi, au Tanga, au Tabora, atakayemwambia mama mkwe wake kwamba hajampenda bado mjukuu wake? Elimu ya mwili haimhukumu mwanamke huyo. Maziwa hushuka kwa amri ya homoni ambayo maumivu, hofu na wasiwasi huizuia, na homoni hiyohiyo ndiyo inayosaidia kumlainisha mama na kumvuta kwa mtoto. Kwa hiyo aliyechoka kupita kiasi na kujaa hofu huchelewa kutoa maziwa, mtoto asiyeshiba hulia zaidi, naye mama aliyeliliwa usiku kucha huamka akiwa na hofu zaidi kuliko jana. Mtu hawezi kuivunja duara hiyo kwa nguvu ya nia. Huvunjwa na mtu mwingine anayeingia ndani yake akachukua kitu: ndoo, sufuria, au mtoto mwenyewe kwa saa mbili.

Mbulu haikosi sifa katika kuokoa maisha ya wazazi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 kwa juhudi za wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei, imekuwa kwa miaka mingi mahali pa kujifunza namna ya kumzindua mtoto aliyezaliwa bila kupumua, na kutoka huko ulikuzwa mpango wa mafunzo kwa wakunga ulioingia katika vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ikiwamo, ambao matokeo yake yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kupungua kwa vifo vya watoto na vya mama zao. Kwa nchi nzima, uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba wanawake 81 katika kila 100 walijifungulia katika vituo vya afya, hali miaka sita au saba kabla yake walikuwa 63, na vifo vya wazazi vilikadiriwa kushuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hizi ni hesabu za kumfanya mtu avue kofia. Lakini hesabu hizo hazisemi mzazi aliye hai anaishije akishatoka mlangoni mwa wodi. Shirika la Afya Duniani linataka mzazi akae kituoni saa 24 walau, kisha aonwe tena kati ya siku ya pili na ya tatu, tena katika wiki ya pili, tena katika wiki ya sita. Na baina ya ziara hizo, akishapanda bodaboda na kichanga chake kifuani kuzipanda kona za kurudi nyumbani, yuko mikononi mwa jamaa zake, na hakuna daftari linaloandika kwamba jamaa hao wapo au hawapo.

Si lazima kwenda mbali ili kupata ithibati kwamba mwanadamu hakuumbwa kulea peke yake, kwa sababu ithibati iliyo mashuhuri kupita zote katika jambo hili imetoka wilaya hiihii. Magharibi ya Tlawi ardhi huteremka kuelekea bonde la Yaeda Chini na Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe, ambao mpaka leo baadhi yao huishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Huko, tangu miaka ya 1980, Kristen Hawkes na wenzake James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walipima kwa mizani vyakula vilivyoletwa kambini na kila mtu, wakagundua jambo ambalo bibi yeyote angewaambia bure kama wangemuuliza, nalo ni kwamba wanawake wazee, waliokwisha kukoma kuzaa, walichimba mizizi kwa bidii kushinda hata wasichana. Na kwamba mama akiwa hana kichanga, uzito wa watoto wake uliambatana na bidii yake mwenyewe ya kutafuta chakula, lakini akishazaa, kazi yake ya porini ikapungua, afya ya yule mtoto aliyeachishwa ziwa iliambatana na bidii ya bibi. Wataalamu hao walijenga juu ya mizani hiyo nadharia kubwa ya asili ya binadamu, kwamba maisha marefu ya mwanamke baada ya kukoma hedhi yamekuwapo kwa sababu mabibi waliokoa wajukuu. Nadharia hiyo ina wapinzani wake, nami siingii katika ugomvi wao. Linalonitosha ni picha ya kazi yenyewe: bibi hampokonyi mzazi kichanga, humpokea yule wa kabla yake, mwenye njaa na wivu, na kumwachia mama mtoto mmoja tu wa kumtazama.

Kambi hizohizo zilitoa jambo jingine, la usiku. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walitangaza matokeo ya kuwavisha Wahadzabe wazima 33 vifaa vidogo vya mkononi vinavyopima usingizi, kwa siku 20, na ilionekana kwamba katika usiku wote huo, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, muda ambao watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja haukuzidi dakika 18. Daima yuko aliye macho, anayegeuka, anayechochea moto. Na wazee hulala mapema na kuamka mapema kuliko vijana. Watafiti waliona katika hilo ulinzi wa zamani dhidi ya simba na adui. Mimi nisiye mtafiti naona pia jambo la nyumbani: kwamba mahali ambapo watu wa rika mbalimbali hulala karibu karibu, kichanga kinachoamka saa tisa ya usiku hakimkuti mama yake peke yake macho duniani, na kwamba tulipojenga nyumba za vyumba, tukampa kila ndoa mlango wake na ufunguo wake, tulipata faragha na kupoteza zamu.

Zamu hiyo imepotea Tlawi kwa njia yake yenyewe. Wairaqw walibanana muda mrefu katika nchi yao ya asili, Irqwar Da'aw, katika milima ya Mbulu, kisha tangu zama za ukoloni wakasambaa kwenda Karatu, Haydom, Hanang na mbele zaidi, wakitafuta ardhi na malisho. Na kila kijana aliyehama na mkewe kwenda kufungua shamba jipya alimtenga mke huyo na mama yake mzazi, dada zake na majirani waliomjua, akampa badala yao anga pana na kazi maradufu. Ushirika haukufa, maana kwa kilimo na ujenzi bado watu huitana na kukusanyika, na pombe ya mtama ilikuwa ndiyo shukrani ya jioni. Ila kuna tofauti kati ya kuitana kujenga nyumba, kazi inayoonekana na kumalizika, na kumsaidia mwanamke ambaye kazi yake haionekani kwa kuwa hurudi kila baada ya saa tatu.

Juu ya uhusiano wenyewe wa mama na mtoto, yaani kule kuzoeana na kuaminiana kunakomfanya mtoto amtafute mtu mmoja katika umati, elimu yake ya kisasa ina mizizi Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 kwa kumfuata mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya uchunguzi wa jamii pale Makerere, na badala ya kukaa akingoja safari ya kurudi alianza kuzitembelea nyumba 26 za Waganda katika vijiji vya jirani, zenye watoto wachanga 28, akirudi kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa, akitazama jinsi mtoto anavyomfuata mama kwa macho, anavyotambaa mbali naye na kumrudia. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na mengi yanayofundishwa leo katika vyuo vya Ulaya na Marekani juu ya usalama wa moyo wa mtoto yalianzia katika sebule hizo za udongo. Mambo mawili katika aliyoyaona yanafaa kukumbukwa hapa. La kwanza, watoto waliotulia zaidi walikuwa wa kina mama walioweza kumweleza mgeni habari za mtoto wao kwa utondoti, yaani walikuwa na nafasi ya kumtazama. La pili, kuwapo kwa walezi wengine nyumbani, bibi au dada au shangazi, hakukuonekana kumpunguzia mtoto usalama wake kwa mama. Hili la pili lingepaswa kusomwa kwa sauti katika kila kliniki ambako mama kijana huambiwa kwamba mtoto akibebwa na watu wengi "atasahau ziwa".

Takriban miaka ishirini baada ya Ainsworth kufika Kampala, katika Uganda hiyohiyo, tabibu kijana wa Kiingereza, John Cox, alikuwa akiwauliza wanawake wajawazito na waliojifungua karibu na Kampala habari za huzuni zao. Aliwakuta Waganda wana jina la maradhi yanayompata mzazi, amakiro, ambayo humchanganya akili na yaliyohofiwa kumfanya hata amdhuru mtoto. Na aliwakuta wengi zaidi ambao hawakuchanganyikiwa, bali walikuwa wamezama katika huzuni ya muda mrefu, ile tuiitayo leo sonona, isiyokwisha kwa wiki mbili kama machozi ya siku ya tatu. Aliporudi Scotland aliwalinganisha wanawake wa Afrika na wa kule na kukuta tatizo pande zote mbili, na mwaka 1987 yeye na wenzake wawili walitoa dodoso la maswali kumi, lijulikanalo kwa jina la mji wa Edinburgh, ambalo limetafsiriwa katika lugha nyingi na hutumiwa ulimwenguni kote. Kwetu, Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili wamefanya kazi ya muda mrefu juu ya huzuni ya wajawazito wa Dar es Salaam. Na hesabu iliyokusanywa mwaka 2012 kutoka nchi maskini na za kati ilikadiria kwamba takriban mzazi mmoja katika watano hupatwa na maradhi ya kawaida ya akili, sonona na wasiwasi, baada ya kujifungua. Mmoja katika watano si nadra. Katika foleni ya kliniki ya chanjo Mbulu, penye benchi refu, hukosi kumgusa bega.

Nalipenda dodoso la Cox kwa uchache wake wa maneno, lakini ukilisoma kwa makini unaona kwamba maswali yote kumi yanamtazama mwanamke ndani yake: kama anacheka, kama anajilaumu, kama anaogopa bila sababu, kama analia. Usingizi umetajwa mara moja, kwa kuuliza kama ameshindwa kulala kwa sababu ya huzuni. Hapana swali linaloulizia nani amechota maji leo. Simlaumu mtungaji, kwa kuwa alitaka kupima ugonjwa, naye ameupima. Ila katika nchi ambako huzuni na ndoo zimefungamana hivi, mpimaji asiyeuliza habari za ndoo atapata jibu la kweli lisilo na dawa.

Wazee wa pwani hawakuhitaji dodoso. Mzazi wa Unguja au Lamu alikaa ndani siku arobaini, akakandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa mkaja, akanywa uji wenye pilipili manga, na mwanamke mzee akawekwa kwa kazi hiyo hasa. Wachaga nao hadi leo humwekea mzazi wao mtori na nyama, na wana fahari ya kumtoa akiwa amenawiri. Matabibu wana haki ya kushuku baadhi ya mambo katika ada hizo, mathalan maji yanayounguza na matumbo yanayokazwa kupita kiasi. Lakini kiini chake kilikuwa sheria, na sheria ni bora kuliko ihsani, maana mzazi wa arobaini hakuomba kupumzika: alikatazwa kufanya kazi, na aliyemtuma angeaibika. Mwanamke anayelazimika kuomba msaada kila siku huchoka kwa kule kuomba.

Hapa sina budi kusema neno juu ya wageni. Katika miji yetu, na sasa hata vijijini, umezuka mtindo wa kuja kumwona mtoto, ambapo watu sita huingia saa kumi ya jioni, wakaketi, wakapokezana kichanga na kukipiga picha kwa simu, huku mzazi mwenye mshono akisimama jikoni kuwapikia chai. Kisha huondoka wakiacha sabuni, nepi na vikombe sita vichafu. Wamemchukulia mama kitu pekee alichotaka kukishika na kumwachia vyote alivyotaka kuvitua. Mgeni mwenye maarifa hufanya kinyume chake, akaenda moja kwa moja uani, akafua, akabandika maharage, akamchukua mtoto mkubwa kwake hadi jioni, wala asimwone kichanga hata kidogo kama amelala. Najua mgeni wa namna hii si maarufu, kwa kuwa haonekani kwenye picha.

Wala nisidhaniwe kwamba naisifu jamaa kwa upofu. Mkono unaompokea mtoto waweza kuwa ndio mkono unaomwamuru mama: mama mkwe anayelala chumba kimoja na mzazi humpa usingizi na humnyima neno, humwamulia maziwa ya kwanza kama ni safi au ni uchafu, humhesabia siku za kurudi shambani. Na jamii iliyo hodari wa kukumbatia huwa hodari vilevile wa kutenga. Wataalamu walioandika habari za Wairaqw wa zamani wameieleza ada ya metimani, ambayo kwayo waliotiwa najisi na mauti au na uzazi uliokwenda kinyume, kama msichana aliyeshika mimba bila ndoa au mwanamke aliyeharibikiwa na mimba, walitengwa na wenzao, wasiingie nyumba zao wala wasishiriki vyombo. Ada hiyo imefifia sana. Ila msichana wa leo aliyerudishwa kutoka shule kwa ajili ya mimba, anayejifungulia katika nyumba ya baba aliyekasirika, angali anapewa chakula kwa mkono ulionyooka mbali. Na huyo ndiye mwenye uchovu mkubwa kuliko wote na wasaidizi wachache kuliko wote, na ndiye ambaye, mtoto wake asiponenepa, huwa wa kwanza kuitwa mama asiye na mapenzi.

Na baba? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa aliyezaa likizo ya siku 84, au 100 kama amezaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, na saa mbili kwa siku za kunyonyesha arudipo kazini. Humpa baba siku tatu. Siku tatu ni muda wa kutafuta kuku. Kwa mkulima wa Tlawi hata hizo hazipo, si kwa mama wala kwa baba, kwa kuwa hakuna mwajiri wa kuombwa. Lakini hapohapo ndipo mkulima alipo na uhuru asio nao karani, maana mwanamume anayejua kukokota punda mwenye madumu ya maji kwenda sokoni aweza kumkokota punda huyohuyo kwenda nyumbani kwake kwa wiki sita bila kuomba ruhusa ya mtu, isipokuwa ya macho ya wanaume wenziwe. Macho hayo ni mazito, sikatai. Nimewasikia wanaume wakimcheka aliyeonekana kisimani, na nimeona pia kwamba kicheko hicho hunyamaza kikishamkuta mwalimu, mchungaji au mwenyekiti wa kijiji akifanya vilevile, kwa hiyo anayetaka kuibadili Tlawi na aanze na punda wa mwenyekiti.

Faraja yaja kutoka mahali tusipopadhania. Katika vijiji vya Pakistani, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wanawake wa kawaida wa afya ya jamii, wasio matabibu, namna ya kuzungumza na wajawazito na wazazi wenye sonona katika ziara zao za nyumbani, na kuwaingiza katika mazungumzo hayo watu wa nyumba wakiwamo mama wakwe. Na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba miezi sita baada ya kujifungua, sonona ilibaki kwa wanawake 23 katika 100 waliotembelewa hivyo, na kwa 53 katika 100 waliotembelewa kwa desturi ya kawaida. Hakuna dawa iliyotolewa. Kilichobadilika ni maneno ya mgeni na idadi ya watu waliojiona wanahusika.

Tanzania nayo, Januari mwaka 2024, ilizindua mpango wa kuwafunza na kuwalipa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa kipindi cha miaka mitano, na wakifika Tlawi kwa ukamilifu watabisha hodi katika nyumba za wazazi wakiwa na mizani, kipimo cha mkono wa mtoto na fomu za kujaza. Ningependa fomu hizo ziwe na mstari mmoja zaidi, na usiulizwe kwa mzazi. Uulizwe kwa mama mkwe, kwa mume au kwa jirani aliyekuja kuazima moto: maji ya leo yamechotwa na nani, na usiku wa jana mtoto alipolia saa tisa, nani mwingine aliamka? Na ningependa ziara moja iongezwe katika wiki ya tatu, ambayo haimo katika ratiba ya Shirika la Afya, kwa sababu wiki ya tatu ndiyo ambayo kuku wamekwisha, mama mzazi amepanda basi kurudi Karatu kwa wajukuu wake wengine, machozi ambayo yangekauka yenyewe yamekwisha kukauka au hayatakauka tena bila msaada, na mwanamke, ambaye kwa sura amepona, amelichukua jembe.